Uaminifu wa Mungu wakati wa majanga: aliahidi nini hasa, mpaka tuseme ametimiza?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu lile gonjwa la 2020 na 2021. Sijaja kukashifu dini ya mtu. Mimi mwenyewe naamini, tena nasali.

Tulikuwa na kundi la maombi la kwenye simu, watu kama thelathini. Kila saa 3 usiku mmoja anarekodi sauti akisoma kipande cha Zaburi ya 91, mwingine anapokea. Kuna kaka mmoja alikuwa na sauti nzito ya mtangazaji wa redio, kipande chake kilikuwa mstari wa 7: "Ijapo watu elfu waanguka ubavuni pako..." Alikuwa anakisoma vizuri mpaka tukawa tunamtania kwamba hata virusi vinasimama kumsikiliza. Wiki ya tatu akaugua, siku ya tisa akafariki. Ile sauti ninayo mpaka leo, sekunde 14. Sijaweza kuifuta na sijaweza kuisikiliza.

Siku nne baada ya mazishi, mwanakundi mwingine aliyekuwa amelazwa akaruhusiwa. Akaandika: "Mungu ni mwaminifu, ameniponya." Watu wakamiminika na vile vikatuni vya makofi. Mjane wa yule kaka alikuwa humo humo kundini. Aliandika neno moja tu: "Amina." Hakuandika tena mpaka kundi likafa.

Sasa swali. Mwaminifu kwa Kiswahili chetu ni mtu anayetimiza alichoahidi. Ukiniachia amana nikakurudishia, mimi mwaminifu. Janga linapokumba watu wote kwa mpigo, wema kwa wabaya, Mungu alikuwa ameahidi nini hasa? Kama aliahidi kulinda, mbona yule kaka? Kama hakuahidi kulinda, tuliisoma ile zaburi ya nini?

#2 Bundi Macho
Nimeweka kambi. Waje wenye maandiko yao.

#3 Mama Neema
Pole sana Kalamu. Mimi kipindi kile nilishikilia Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Niliuandika kwa kalamu ya wino mzito nikaubandika mlangoni kwa ndani, kila nikitoka nauona. Mungu hasemi uongo hata kama sisi hatuoni.

#4 Mtumishi Mdogo
Mleta uzi, soma zaburi yote, usirukie mstari wa 7. Inaanza na sharti: "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu." Ahadi ni ya aketiye. Aliyetoka nje ya mwavuli akilowa, mwavuli hauna kosa. Simhukumu marehemu, ila hatujui moyoni alikuwa anaketi wapi.

#5 Tomaso Pacha
Mtumishi #4, umesema humhukumu halafu ukamhukumu kwenye sentensi hiyo hiyo.

Hayo maneno yako walishayasema rafiki zake Ayubu, na mwisho wa kitabu ni wao walioambiwa wamesema yasiyo sawa, wakatakiwa watoe sadaka na Ayubu awaombee. Soma na Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, Yesu akauliza: mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo.

Halafu kuna mtu mmoja kwenye Injili aliyeichukua Zaburi ya 91 akaifanya hati ya bima, jirushe hapa, malaika watakudaka. Mathayo 4:6. Mnamjua ni nani.

#6 Mzee wa Kona
Tomaso umepiga penyewe.

Mama Neema #3, usinikasirikie, lakini 29:11 inabandikwa milangoni bila jirani yake wa juu. Mstari wa 10 unasema MIAKA 70. Ile ni barua, waliandikiwa watu waliokwisha kuhamishwa kwa nguvu kwenda Babeli. Wanaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae, uombeeni mji huo amani. Kwa lugha nyepesi: hamrudi leo wala kesho. Mtu wa miaka 40 aliyesomewa ile barua alijua fika kwamba yeye atazikwa huko huko.

Sura ya nyuma yake, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania. Yeye alitangaza mbele ya watu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha na vyombo vya hekalu vitarudi. Nadhani watu walimpenda sana. Alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Kila nikikumbuka wale waliokuwa wanatangaza tarehe ya gonjwa kuisha, namkumbuka Hanania.

#7 Mama Neema
Sijakasirika mzee wangu, nimejifunza. Ila nikuulize. Mimi kipindi kile nilikuwa nimepoteza kazi, nauguza watu wawili ndani, milango imefungwa. Hiyo si Babeli ni nini? Barua ya waliokwama ilimfikia aliyekwama. Sikuielewa kwamba kesho nitatoka. Niliielewa kwamba sijasahauliwa.

#8 Hesabu Kali
Nitakuwa yule mtu asiyependwa kwenye uzi, kama kawaida yangu.

Mgonjwa akipona: Mungu mwaminifu. Akifa: amepumzishwa, Mungu mwaminifu. Gonjwa likiisha haraka: amesikia. Likikaa: anatufundisha. Mizani inayosoma namba ile ile ukipanda na ukishuka, imeharibika. Kalamu ameuliza swali zuri kuliko majibu yote mpaka sasa. Ahadi ilikuwa nini? Iandikeni kwa sentensi moja, kwa namna ambayo tungeweza kujua kama imevunjwa.

#9 Nesi wa Zamu
Nimekuwa nikisoma kimya kimya miaka mingi, leo nimeingia kwa sababu ya ule mstari wa 7.

Nilikuwa wodi ya watu wa oksijeni. Nisiwachoshe. Kuna usiku mmoja ndugu wa mgonjwa walipiga simu, kwa kuwa kuingia ilikuwa marufuku. Mama mtu mzima, amelazwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, hawezi kushika kitu. Nikawa nimemshikia simu sikioni. Nilidhani ni dakika mbili. Wakaanza kumwimbia. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nimevaa lile vazi la plastiki, jasho linaingia kwenye glavu mpaka vidole vinaogelea, miwani imejaa ukungu. Mkono ukaanza kutetemeka, nikaubadilisha, na huo nao ukachoka. Nikaona aibu kukata, unawaambiaje watu wasimwimbie mama yao?

Akapita mfanya usafi na ndoo yake. Akanitazama, akaweka ndoo chini, akaja akanishika kiwiko kwa chini akakiegemeza kwenye bega lake. Hakusema kitu. Tukakaa hivyo mpaka wakamaliza.

Sina jibu la swali lako Kalamu. Nataka tu kusema kwamba usiku ule mtu angeniambia "Mungu ni mwaminifu" ningemrushia ile ndoo. Na asubuhi nikienda nyumbani nilikuwa nausema mwenyewe, njiani, bila mtu kuniambia. Sijui kwa nini.

#10 Bundi Macho
Nesi... kaa hapa hapa uzini, usiondoke.

#11 Abu Subira
Asalaam aleikum wote. Niruhusuni mchango kutoka upande wetu.

Mwaka wa 18 Hijria hivi kulitokea tauni ya Amwas huko Sham (eneo la Syria na jirani zake). Khalifa Umar ibn al-Khattab alikuwa njiani kwenda huko, akafika mahali panaitwa Sargh, akapewa habari. Akataka ushauri, wakatofautiana, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano: ukishusha ngamia zako bondeni, upande mmoja una malisho na mwingine mkavu, popote utakapolisha si ni kwa kadari yake?

Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikitokea mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Sasa angalieni. Umar alirudi akaishi. Abu Ubayda alibaki na watu wake, akafa kwa tauni ile ile, naye ni katika kumi waliobashiriwa pepo. Kwetu hakuna anayesema mmoja alitawakali, yaani alimtegemea Mwenyezi Mungu, na mwingine hakutawakali. Ndiyo maana ya funga ngamia wako kisha utawakali. Kutawakali si kukisia matokeo.

#12 Mzee wa Kona
Sheikh, shukrani, hicho kisa nakihifadhi. Na sisi tuna kama hicho. Martin Luther, yule mwanamageuzi wa kanisa kule Ujerumani, tauni ilipoingia mji wake wa Wittenberg mwaka 1525, chuo kikahamishwa, yeye akagoma kuondoka na nyumba yake ikageuka kama hospitali. Akaandika kwamba aombe, lakini pia afukize nyumba, anywe dawa, na asiende mahali asipohitajika asije akawa sababu ya kifo cha mtu. Wale wa "damu imetufunika hatuhitaji barakoa" hawakuisoma hiyo.

#13 Mwalimu Mstaafu
Ni 1527 mzee, si 1525. Mwaka 1525 alikuwa anaoa. Na barua ile ilikuwa jibu kwa wachungaji wa Breslau waliouliza kama ni halali Mkristo kukimbia tauni. Jibu lake halikuwa "msikimbie" kama wengi wanavyolisimulia. Alisema mwenye wajibu kwa watu asiwaache, mchungaji, kiongozi, mzazi. Asiye na wajibu huo na ambaye jirani zake wana wa kuwahudumia, akiondoka hajatenda dhambi.

Hesabu Kali #8, nitakurudia. Lakini kwanza someni Matendo 12 kwa utulivu. Herode anamkamata Yakobo, anamuua kwa upanga. Mstari mmoja tu, hakuna hata maziko. Anamkamata Petro, malaika anakuja gerezani, minyororo inaanguka. Sura moja, kanisa moja, mfalme mmoja. Luka hatuelezi kwa nini huyu ndiyo na yule hapana. Na Waebrania 11 ndiyo imezidi: mstari wa 34 kuna waliookoka na makali ya upanga, mstari wa 37 kuna waliouawa kwa upanga, na wote wamewekwa kwenye orodha moja ya wenye imani.

#14 Mtukutu
Na kwenye hiyo hiyo Matendo 12, wale waliokuwa wanamwombea Petro usiku kucha, Petro alipobisha hodi na binti Roda akaenda kuwaambia, walimwambia una wazimu. Hahaha. Kundi la maombi la Kalamu lina wazee wake.

#15 Jicho la Tai
Mnazunguka mbuyu. Majanga yote haya ni dalili na ni adhabu. Mathayo 24: njaa, tauni, matetemeko. Mungu ni mwaminifu hata kwa maonyo yake. Aliahidi ataadhibu dunia na anaadhibu. Hata Lisbon, kule Ureno, mwaka 1755 iliangushwa na tetemeko kwa sababu ya dhambi zake, wahubiri wa wakati ule walisema wazi.

#16 Hesabu Kali
Umechagua mfano mbaya kuliko yote, Jicho. Lisbon ilitetemeka tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wakiwa ibadani. Makanisa yamejaa, mishumaa imewashwa. Dari zikawaangukia waliokuwa wanasali, mishumaa ikasaidia kuwasha mji, na waliokimbilia ukingo wa maji wakakutana na wimbi. Kama ile ni fimbo, mchapaji alikuwa analenga nani?

Mwandishi Mfaransa Voltaire aliandika shairi la hasira kuhusu hilo. Mwanafalsafa Rousseau naye mwaka uliofuata akamjibu kwa hoja ambayo hata mimi nisiyeamini naiona ina uzito: si maumbile yaliyokusanya pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Kabla hujamuuliza Mungu, muulize fundi.

#17 Tomaso Pacha
Naunga mkono #16, na sikudhani nitaandika hivyo maishani.

Jicho, hatari ya "ni adhabu" ni kwamba watu hawatulii mpaka wampate mkosaji. Kifo Cheusi cha 1347 hadi 1351 kilipopita Ulaya, Wayahudi wakasingiziwa kutia sumu visimani. Strasbourg wakawachoma moto Februari 1349. Papa Klementi VI alikuwa ametoa waraka wa kuwatetea tangu 1348, akisema Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyo hiyo kama wengine. Hawakumsikiliza. Bakteria mwenyewe alikuja kutambuliwa 1894, na Alexandre Yersin, kule Hong Kong. Miaka zaidi ya 500 baadaye. Muda wote huo walikuwepo watu wenye uhakika kamili wa sababu.

#18 Jicho la Tai
Sijasema kuchoma mtu. Nimesema Mungu anaonya. Kama haonyi, basi yamekuja bure tu? Hilo ndilo jibu lenye faraja?

#19 Ghala Kuu
Wakuu mmeruka jambo la wazi. Mnatafuta uaminifu wa Mungu baada ya janga, mimi nauona kabla. Mwanzo 41: miaka saba ya shibe, saba ya njaa. Mungu hakuizuia njaa. Alimpa mtu mmoja akili ya kutunza sehemu ya tano ya mavuno. Uaminifu ulikuja kwa sura ya ghala. Leo ungekuja kwa sura ya chanjo, tahadhari ya mafuriko, akiba. Tunautupa halafu tunamlilia Mungu.

#20 Mtukutu
Endelea na kusoma Ghala, usiishie 41. Fika 47. Yusufu huyo huyo aliwauzia watu nafaka yao wenyewe mpaka fedha zikaisha, akachukua mifugo, ikaisha, akachukua mashamba, mwisho wakajiuza wao wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Kama huo ndio uaminifu kwa sura ya ghala, mimi nitabaki na njaa yangu.

#21 Ghala Kuu
Mtukutu wewe! Ila wale watu walimwambia Yusufu "umetuponya maisha yetu", nayo imo sura hiyo hiyo.

#22 Bundi Macho
Mtu mwenye njaa atamwambia mwenye ghala kitu gani kingine?

#23 Ghala Kuu
Sawa, ghala la Farao mmeshinda. Chukueni Matendo 11 basi. Agabo anatabiri njaa kuu, ikatokea siku za Klaudio. Kanisa la Antiokia halikuuliza kwa nini, wala nani ametenda dhambi. Mstari unaofuata tu, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, wakachanga, wakampa Barnaba na Sauli wapeleke. Hakuna aliyejiuza.

#24 Msimamizi
Ujumbe tatu zimefutwa (siasa za chanjo). Rudini kwenye mada. Mtukutu, hii ni mara ya pili.

#25 Mwalimu Mstaafu
Nimerudi, Hesabu Kali. Sentensi moja sina, nina neno moja.

"Uaminifu wako ni mkuu" iko Maombolezo 3:23, na wengi tunaimba bila kuuliza iliandikwa wapi. Yerusalemu umeanguka mbele ya Babeli, mwaka 586 KK au 587. Mji ulizingirwa mpaka chakula kikaisha. Sura ya 4 inasema wanawake wenye huruma walipika watoto wao, nisiongeze neno. Sura ya 3 ina mistari 66, imepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania, mistari mitatu kila herufi, herufi 22. Mtu analia kwa mpangilio, kana kwamba akiachia mpangilio ataanguka. Mistari 20 ya kwanza anamshitaki Mungu: amenizungushia ukuta, amenivunja meno kwa changarawe. Ndipo anasema rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Na kitabu hakiishii hapo! Kinaishia na wasiwasi kwamba huenda umetukataa kabisa. Ule mstari mtamu uko katikati, umezungukwa.

Neno lenyewe pale ni "emuna". Sisi tunalisikia kama kutimiza mkataba, ndivyo Kalamu alivyouliza. Lakini neno hilo hilo limo Kutoka 17:12. Yoshua anapigana na Amaleki, Musa kilimani ameinua mikono, mikono ikawa mizito. Wakamkalisha juu ya jiwe, Haruni na Huri wakaitegemeza, mmoja huku mmoja huku, "mikono yake ikathibitika hata jua lilipokuchwa". Hiyo "ikathibitika" ndiyo emuna. Mikono isiyodondoka. Kwa hiyo emuna kabla haijawa ahadi ni kutoachia.

#26 Abu Subira
Maashallah, mwalimu. Na mzizi huo ni ndugu na wetu wa Kiarabu, alif-mim-nun. Kutoka humo Kiswahili kimepata amini, imani, amana, amani, muumini na uaminifu wenyewe. Na "amina" ya yule mjane ni ya ukoo huo huo.

#27 Hesabu Kali
Isimu nzuri, lakini mmenihamishia goli. Niliuliza ahadi, nikapewa mikono. Na tukubaliane, kwenye hicho kisa Israeli WALISHINDA jua lilipokuchwa. Kwa Kalamu hakukuwa na ushindi, mtu alizikwa. Mikono gani haikudondoka?

#28 Mtukutu
Msimamizi nipo kwenye mada, nisome mpaka mwisho.

Mwalimu #25 ameeleza Haruni na Huri. Nesi #9 ameeleza mkono unaotetemeka na mtu wa kiwiko. Yaani hamjaona? Huri alikuja na ndoo.

#29 Bundi Macho
Mtukutu leo umenifanya nifunge simu nikae kidogo.

#30 Hesabu Kali
Naona. Lakini huyo ni mfanya usafi. Ni binadamu mwema aliyeamua. Kwa nini sifa aende kupewa mwingine?

#31 Mama Neema
Mwanangu, nani amemnyang'anya? Sifa si mkate kwamba ukimpa mmoja mwingine analala njaa.

#32 Mtumishi Mdogo
Nimesoma kurasa zote. Naomba radhi kwa #4, hasa kwa Kalamu.

Niseme ukweli kwa nini niliandika vile. Kipindi kile nilikuwa na mtoto mchanga ndani. Nilihitaji kuwe na masharti. Kama kuna masharti, nitayatimiza, mtoto atakuwa salama. Kama hakuna masharti, sina cha kushika. Kila aliyekufa nilikuwa namtafutia kosa, ili niwe na uhakika kwamba mimi sina hilo kosa. Mtoto mzima, sasa anasoma. Lakini bado sijui nilisalimika kwa kutimiza nini.

#33 Tomaso Pacha
Hiyo imeniingia, Mtumishi. Nami naomba radhi kwa kejeli ya #5, japo si kwa hoja.

#34 Kalamu Butu
Wakuu, nimesoma zote, baadhi mara mbili. Asanteni.

Ya mwalimu imenisaidia na imeniumiza. Kama uaminifu ni mikono inayotegemezwa, basi swali limenigeukia. Yule mjane alipoandika "Amina" tulikuwa watu thelathini humo kundini. Hakuna aliyeandika kitu chini yake, nami nikiwemo. Tuliendelea na makofi. Sijampigia simu tangu siku ile. Namba yake ninayo.

Lakini Hesabu Kali naye sijamjibu, na sitaki nijifanye nimemjibu. Mstari wa 7 bado uko pale, "hata hivyo hautakukaribia wewe". Mzee wa Kona asema soma muktadha, Mwalimu asema emuna, Sheikh asema kutawakali si kukisia matokeo. Mimi nilikisia matokeo. Ndivyo tulivyofundishwa kuisoma.

#35 Mzee wa Kona
Muktadha hauondoi maumivu, kijana, sikusema hivyo. Kuna Zaburi ya 88 pia, karibu na hiyo ya 91, inaisha gizani kabisa, haina "lakini". Nayo imo ndani ya Biblia. Kundi lenu lingesoma 88 siku moja moja.

#36 Jicho la Tai
88 ni ya huzuni mno, inavunja watu moyo.

#37 Nesi wa Zamu
Inawavunja ambao mioyo yao haijavunjika. Wodini ndiyo ingesomeka vizuri.

#38 Hesabu Kali
Nesi, swali moja, na usilijibu kama hutaki. Yule mama aliyeimbiwa, alipona?

#39 Nesi wa Zamu
Sijui. Zamu iliisha, nikawa na mapumziko ya siku mbili. Niliporudi kitanda kilikuwa na mtu mwingine, shuka limebadilishwa. Sikuuliza. Wakati ule ukiuliza kila kitanda humalizi mwezi.

Mfanya usafi tunaonana bado. Hatujawahi kuuongelea ule usiku. Akinipita ananigusa kiwiko tu, anaenda zake. Ngoja niwaache, naingia zamu.

#40 Baraka Tele
Habari za humu, sijasoma kurasa zote ila nimeona kichwa cha uzi. Mleta mada usife moyo, soma Yeremia 29:11, Mungu ana mawazo ya amani na wewe, mambo yatakaa sawa karibuni tu!

#41 Bundi Macho
Karibu Baraka. Chukua kiti, uanzie #6.